Neno, Rangi na Darasa: Takadini na Vuta N'kuvute katika Mjadala wa Riwaya za Ubaguzi Shuleni

Ikisiri

Makala haya yanahakiki swali la iwapo riwaya zinazosawiri ubaguzi unaotokana na rangi ziendelee kuwa vitabu teule katika shule za sekondari nchini Tanzania. Riwaya zinazojadiliwa ni Takadini ya Ben J. Hanson, iliyosomwa kwa miaka mingi katika kidato cha tatu na cha nne, na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyosomwa katika kidato cha tano na cha sita. Zinasomwa hapa kwa kumzingatia mwanafunzi wa kata ya Nkoma, wilayani Itilima, mkoani Simiyu. Inadaiwa kwamba hoja ya kuziondoa kwa sababu ya maneno yaliyomo haina mashiko ya kiisimu, na kwamba udhaifu halisi wa riwaya hizi umo katika namna zinavyoufumbua mgogoro wa rangi. Udhaifu huo unafichwa na utaratibu wa kuzitahini.

1.0 Utangulizi

Orodha ya vitabu teule si jambo la fasihi peke yake. Kitabu kinapoingia katika orodha hiyo hununuliwa, hufupishwa, hutungiwa miongozo na kukaririwa na vijana ambao wengi wao hawatasoma riwaya nyingine baada ya mtihani wa mwisho. Kikitolewa, kwa kawaida hutoweka pia madukani. Kwa sababu hiyo, mtu anayedai kitabu fulani kisisomwe shuleni anadai, kwa hali ilivyo nchini, kisisomwe kabisa. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, umelirudisha swali la orodha mezani. Mwaka mmoja kabla yake, Februari 2023, serikali ilipiga marufuku vitabu 16 vya watoto na vijana shuleni kwa hoja ya maadili. Chombo cha kuondoa vitabu kipo, na kimekwisha kutumika.

Mjadala wa riwaya za ubaguzi wa rangi unafahamika zaidi kutoka Marekani. Huko, mwaka 2011, mhariri Alan Gribben alitoa toleo la Adventures of Huckleberry Finn ambamo tusi la kuwatajia watu weusi limebadilishwa na kuwekwa neno lenye maana ya mtumwa. Mwaka 2017, To Kill a Mockingbird iliondolewa katika masomo ya darasa la nane huko Biloxi, Mississippi, kwa maelezo kwamba lugha yake inawakera baadhi ya watu. Miaka mitano baadaye, walimu wa Mukilteo, katika jimbo la Washington, walifanikiwa kuifanya isiwe kitabu cha lazima. Malalamiko yao yalikuwa tofauti na ya Biloxi: walihoji mtazamo wa riwaya yenyewe, ambamo mtu mweusi anateseka ili wakili mweupe aonekane mwema. Hizi ni hoja mbili tofauti. Ya kwanza inahusu neno, ya pili inahusu jicho linalotazama. Katika mjadala wa Tanzania hoja hizi huchanganywa mno, na ya kwanza ndiyo inayopewa nafasi kubwa ingawa ndiyo iliyo dhaifu.

Swali hili halijachukuliwa hapa kama lilivyo Marekani na kuletwa Simiyu. Ubaguzi wa rangi anaokabiliana nao moja kwa moja kijana wa Nkoma si ule wa mweupe na mweusi. Ni ule unaomtenga mtu aliyezaliwa na wazazi weusi akiwa na ngozi isiyo na rangi ya wazazi wake. Kanda ya Ziwa, ambamo Simiyu imo, ndiyo iliyotajwa zaidi tangu mauaji ya watu wenye ualbino yalipoanza kuripotiwa kwa wingi mnamo mwaka 2007. Hukumu ya kwanza ya mauaji hayo ilitolewa na Mahakama Kuu ilipoketi Kahama, Septemba 2009. Wanafunzi wanaoketi leo katika madarasa ya shule za kata walizaliwa katika miaka hiyo au karibu nayo. Katika eneo hilohilo, Takadini imekuwa kitabu teule.

2.0 Neno na Upatanisho Wake

Neno linalolalamikiwa ni zeruzeru. Vyama vya watu wenye ualbino vimelikataa kwa muda mrefu, na lugha rasmi ya serikali na vyombo vya habari imelifuata kataa hilo: kwanza pakaja mlemavu wa ngozi, kisha mtu mwenye ualbino. Takadini ni kitabu cha kabla ya mabadiliko hayo kukamilika. Kwa hiyo mwalimu anayekifundisha leo hulazimika ama kulitamka neno ambalo angekemewa kwa kulitumia nje ya darasa, ama kuliruka na kuwaacha wanafunzi walisome kimyakimya, jambo ambalo hulipa neno uzito wa siri.

Je, neno lenyewe lina nini? Wanaolipinga hutaja umbo lake. Wingi wake ni mazeruzeru, na kiambishi ma- kinaliweka katika kundi moja na mazuzu, mabwege na majambazi, ilhali binadamu wa kawaida hubeba m- na wa-. Hoja hii inavutia, hasa kwa msemaji wa Kisukuma ambaye munhu na banhu humfanya aone mara moja kwamba mtu ana ngeli yake. Lakini haisimami. Mawaziri, madaktari na mashehe wamo katika umbo hilohilo na hawajapungukiwa heshima. Hata urudufishaji wa shina, unaodhaniwa kuleta dhihaka kama katika mbumbumbu, unapatikana pia katika barobaro, neno la sifa. La muhimu zaidi ni upatanisho. Msemaji wa Kiswahili sanifu husema zeruzeru huyu amefika, wala hasemi limefika. Sarufi inamhesabu miongoni mwa wenye uhai na nafsi. Anayetaka kuligeuza neno hili kuwa kitu, kwa mfano kwa kusema zeruzeru hili, hana budi kuuvunja upatanisho wa kawaida kwa makusudi, na msikilizaji huitambua nia yake papo hapo.

Liwekwe kando ya neno hilo neno jingine, dili. Waathirika wa Kanda ya Ziwa wameeleza mara nyingi kwamba wakipita njiani husikia wakitajwa kwa neno hilo, yaani biashara yenye faida. Halimo katika orodha yoyote ya maneno yanayokatazwa. Ni neno la kila siku la vijiweni, la madalali wa magari na wauzaji wa simu. Katika matumizi ya kawaida hupatana na li-: dili limeiva, dili limekwama. Mtu anapoitwa hivyo, upatanisho unamfuata na kumtoa katika ngeli ya uhai, bila msemaji kuvunja kanuni yoyote ya sarufi na bila tusi kutamkwa. Neno lililo karibu zaidi na panga halina doa lolote kamusini.

Mfano huu unatosha kuonesha kwamba kulisafisha zeruzeru katika matoleo mapya ya riwaya, kama Gribben alivyofanya katika kitabu cha Mark Twain, kungekuwa kazi ya mhariri iliyokosa shabaha. Pengine ingekuwa na hasara zaidi. Mzee wa kijijini katika Takadini akisema mtu mwenye ualbino, msomaji atamwona ni mzee mwenye adabu za semina, na hatari iliyo mbele ya mtoto itaonekana kama kutoelewana tu. Maneno ya wahusika ni ushahidi, na ushahidi ukifutwa shtaka hubaki bila mashiko.

Hata hivyo haifuati kwamba neno litamkwe ovyo darasani. Wapo wanaojitetea kwa desturi ya utani, kwamba Waafrika hutukanana bila kuumizana. Utani una masharti: pande zote mbili zina haki ya kurudisha, na zote zinajua mpaka. Mwanafunzi mmoja mwenye ualbino katika darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini hana wa kumrudishia.

3.0 Takadini: Mwisho Mwema na Gharama Yake

Sekai, mke wa Makwati, anakaa miaka mingi bila mtoto huku wake wenza wakizaa. Anapojaliwa, mtoto ana ualbino, na mila ya kijiji inataka asiishi. Mama anatoroka naye usiku, anafika katika himaya ya Mtemi Masasa, na mzee Chivero anawapokea. Mtoto anakua, anafunzwa kupiga mbira, na mwishowe anapendwa na Shingai licha ya upinzani wa wazazi wa msichana. Mandhari ni ya Zimbabwe na majina ni ya Kishona.

Nguvu ya riwaya hii iko katika sura zake za mwanzo, na haifai kupuuzwa na mhakiki anayetafuta makosa. Uamuzi wa Sekai haujengwi kwa hotuba. Unajengwa kwa hesabu ya usiku, maji, mgongo na mtoto anayeweza kulia wakati wowote. Hanson anamwonesha mwanamke aliyetaka mtoto kwa miaka mingi ili apate heshima ya kijiji, na ambaye kwa kumpata mtoto huyo analazimika kukiacha kijiji chenyewe. Hapo swali la rangi linakuwa swali la umama na mamlaka. Msomaji wa Usukumani, ambako utasa na ukewenza si mambo ya kusimuliwa tu, analielewa bila mwongozo. Kama riwaya ingestahili kubaki kwa sababu moja, sababu hiyo ni safari ya Sekai.

Tatizo linaanza Takadini anapokua. Jamii ya Masasa haimpokei kwa sababu ni mtu. Inampokea hatua kwa hatua kadiri anavyothibitisha kwamba ana kipaji, ana subira na hana kinyongo. Vidole vyake vinapolitawala mbira ndipo masikio yanapomsamehe ngozi. Ubinadamu wake una masharti, na riwaya hailalamikii masharti hayo. Inamsaidia kuyatimiza. Mtoto mwenye ualbino asiye na kipaji cha muziki, mwenye hasira na mvivu kama vijana wengine, hana nafasi katika mantiki ya kitabu hiki. Hapa Takadini inakutana na To Kill a Mockingbird kwa njia isiyotarajiwa. Katika zote mbili mbaguliwa anatakiwa awe bora kuliko wabaguzi wake ili msomaji amhurumie.

Mwisho wa riwaya unaongeza tatizo. Shingai anajifungua, na mtoto hana ualbino. Kijiji kinapumua. Wahakiki wengi, na takriban miongozo yote, huusoma mwisho huu kama ushindi: wasiwasi wa jamii umethibitika kuwa upuuzi. Lakini ni wasiwasi upi uliothibitika kuwa upuuzi? Kijiji kilihofu kwamba Takadini atazaa mwenye rangi kama yake. Riwaya inakijibu kwamba hakuzaa hivyo. Haikijibu kwamba hata angezaa hivyo pasingekuwa na tatizo. Faraja ya mwisho inategemea kutotokea kwa lile ambalo kitabu kizima kimesema si balaa. Elimu ya urithi ingemwambia mwandishi kwamba ualbino huhitaji urithi kutoka kwa wazazi wote wawili, hivyo tukio la mwisho linawezekana kabisa. Kinachohojiwa hapa ni kazi linalofanya katika simulizi, yaani kumliwaza msomaji mbaguzi bila kumsahihisha.

Kuna pia suala la umbali. Katika kitabu, mtoto anatishiwa na mila ya kale ya nchi ya mbali. Nchini Tanzania, watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika karne ya 21 kwa sababu ya soko: mganga anayeahidi utajiri, mteja mwenye fedha, na mtu wa kati, mara nyingine jirani au ndugu. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wa aina hiyo kwa sababu mila haikuwa maelezo ya kutosha. Mwanafunzi anayesoma Takadini peke yake anaweza kuhitimisha kwa dhati kwamba ubaguzi huu ni ujinga wa wazee ambao elimu imeufuta. Akitoka darasani, imani kwamba mtu mwenye ualbino hafi bali hutoweka ingali inasimuliwa, na wanaoisimulia si wazee peke yao.

Je, kwa sababu hizo kitabu kiondolewe? Jibu ni hapana. Kasoro zilizotajwa ndizo zinazokifanya kifundishike. Riwaya isiyo na kasoro ya mtazamo kuhusu jambo hili haijapatikana katika orodha, na kitabu kinachoondolewa bila kingine kuingia mahali pake huacha ukimya. Nkoma si mahali pa kuachia ukimya huo.

4.0 Yasmin na Mizani ya Pamba

Kuhusu Vuta N'kuvute, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, pingamizi huwa la aina nyingine. Inasemwa kwamba ubaguzi wake ni wa Unguja ya Waingereza, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, kati ya Wahindi, Waarabu, Waafrika na Wazungu, na kwamba kijana wa bara haumhusu. Baadhi huongeza kwamba kuufundisha ni kufukua visasi.

Pingamizi la kwanza linasahau historia ya mkoa wenyewe. Simiyu ni nchi ya pamba, na pamba ya Usukumani wakati wa ukoloni ilipita mikononi mwa wanunuzi na wenye viwanda vya kuchambua pamba ambao wengi wao walikuwa na asili ya Asia. Manung'uniko ya wakulima juu ya mizani ndiyo yaliyozaa vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani na wenzake, hadi kuundwa kwa shirikisho lao, VFCU, mwaka 1955. Tabaka na rangi vilikutana katika mizani kama vinavyokutana katika duka la Raza. Mwalimu wa Nkoma hana haja ya kuvuka bahari ili kulieleza hilo. Babu wa mwanafunzi wake huenda alisimama katika foleni ya kupima pamba.

Lakini mizani hiyohiyo inaonesha hatari. Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee asiyemtaka. Anatoroka, anakataliwa na jamaa zake, anapokewa Ng'ambo na Mwajuma, na anaingia katika mapenzi na Denge, mpigania uhuru. Ukarimu wa Shafi kwa Yasmin hauna shaka, na urafiki wa wanawake hawa wawili ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi katika riwaya ya Kiswahili. Chumba cha Mwajuma kinavunja mpaka wa rangi kwa chakula, kanga na taarabu kabla siasa ya Denge haijauvunja kwa nadharia. Shafi anakataa pia kuifanya rangi kuwa kipimo cha wema. Inspekta Wright ana mkono wa Kiafrika, Koplo Matata, na Denge anawindwa na wote wawili.

Pamoja na hayo, wema wote wa Yasmin unapatikana kwa kutoka. Wahindi wanaobaki Wahindi, yaani Raza na jamaa za Yasmin, hawapewi chumba cha ndani cha nafsi. Wanabaki duka, hesabu na aibu ya familia. Raza anakaribia kupata nafsi katika upweke wake wa uzeeni, kisha mwandishi anamwacha. Riwaya inaupinga ubaguzi kwa kumhamisha mtu mmoja na kuiacha jamii yake ilivyokuwa katika macho ya jirani. Kwa msomaji wa Unguja au Dar es Salaam hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa anao Wahindi wa kulinganisha. Kijana wa Nkoma, ambaye hakuna mwenye asili ya Asia anayeketi naye dawati moja, anaweza kumaliza kitabu akiwa na Wahindi wawili tu kichwani: yule wa mizani aliyemsikia kwa babu na yule wa duka aliyemsoma kwa Shafi. Wote wawili ni mtu mmoja.

Upungufu huo hausemwi ili kumshutumu Shafi. Unasemwa kwa sababu filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya hii na kubeba jina lilelile, imekuja. Wasomaji wanazidi kuiona Vuta N'kuvute kama hadithi ya mapenzi ya rangi mbili, wakati hadithi nzito zaidi iliyomo ni ya nani anaruhusiwa kuwa na utata.

5.0 Vitabu Vilivyokwisha Kuondoka

Wanaotaka riwaya ziondolewe wangefaidika kwa kuangalia zilizoondoka. Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929 ya riwaya ya H. Rider Haggard, ilisomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Watoto Waafrika walifurahia safari ya Wazungu katika Afrika iliyojaa wachawi na wafalme katili, tena kwa Kiswahili safi. Hakuna wa kudai irudi kuwa kitabu teule. Ilikuwa burudani ya kikoloni, na kuikosa hakumpunguzii mwanafunzi chochote isipokuwa lugha, ambayo sasa inapatikana kwingine.

Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, ya mwaka 1934, ni jambo jingine kabisa. Mwandishi alikuwa mzawa wa Freretown, Mombasa, katika jamii ya watumwa waliokombolewa, na aliandika aliyoyapokea kwa wazee wake. Kitabu kinawatukuza Waingereza na kuwachora Waarabu kwa rangi moja, na wahakiki wa baada ya uhuru walikuwa na haki ya kukishuku. Kuachwa kwake, hata hivyo, kumekuwa na gharama. Mwanafunzi wa Kiswahili amebaki na utumwa katika kitabu cha historia, usio na sauti ya mzao wa watumwa. Shutuma kwamba Mbotela alitazama kwa jicho la misheni ni sahihi, na ni somo zima la kidato cha sita. Somo hilo halifundishiki kwa kuwa kitabu hakipo mikononi mwa wanafunzi.

Kigezo kinachojitokeza si umri wa kitabu wala ukali wa maneno yake. Haggard alitazama watu wasioulizwa. Mbotela ni mmoja wa waliotazamwa, aliyejaribu kusema kwa lugha aliyopewa. Riwaya ya aina ya pili hubaki na la kufundisha hata inapokosea.

6.0 Mtihani na Ukubwa wa Herufi

Tumechelewa mno kukiri kwamba mwanafunzi wa shule ya kata hakutani na riwaya kama hizi zilivyo. Hukutana na muhtasari wake. Shule nyingi zilizojengwa tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004 hazina nakala za kutosha, kwa hiyo mwalimu huandika ubaoni mgawanyo ambao kila Mtanzania aliyefika kidato cha nne anaujua: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo kwa upande wa maudhui, kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha kwa upande wa fani. Ubaguzi huwekwa katika dhamira. Katika ujumbe huandikwa kwamba ubaguzi haufai. Swali la mtihani humtaka mtahiniwa athibitishe dai kwa riwaya mbili kati ya zilizoorodheshwa, na anathibitisha hoja tatu kwa kila kitabu.

Mwanafunzi anaweza kupata alama zote katika swali la ubaguzi akiwa na imani ileile aliyoingia nayo. Utaratibu huu haumtaki aulize nani kasema neno fulani, akimwambia nani, na mwandishi kafanya nini baada ya neno kusemwa. Haumtaki ahoji kwa nini mtoto wa Shingai hana ualbino. Kwa hakika unamwadhibu akihoji, kwa sababu mwongozo umekwisha kumpa mwisho mwema katika kipengele cha msimamo. Kwa utaratibu wa namna hii, riwaya yoyote ya ubaguzi, iwe kamilifu kiasi gani, haitafanya kazi yake, na anayeiondoa anaondoa kisichosomwa.

Swali lenye kifungu cha riwaya, ambacho mtahiniwa anakisoma hapohapo na kukifafanua, lingebadilisha ufundishaji kuliko mabadiliko yoyote ya orodha. Si jambo geni: karatasi za ufahamu hufanya hivyo kwa habari fupi. Kifungu cha baraza la wazee katika Takadini, pamoja na maagizo ya kueleza jinsi viwakilishi na upatanisho vinavyobadilika mtoto anapotajwa, kingempima mtahiniwa sarufi na fasihi kwa pamoja. Mwalimu naye angepata sababu halali ya kulijadili neno badala ya kulikwepa. Kuhusu kulitamka, busara ya darasa inatosha. Kifungu kisomwe kimya, na darasa lijadili sentensi, wala pasiwe na mwanafunzi anayeombwa asimame kwa niaba ya wenye rangi yake.

Kuhusu mwanafunzi huyo, istilahi mlemavu wa ngozi iliyotumika kwa miaka kadhaa ilificha jambo moja. Ualbino huathiri pia macho. Wengi wenye hali hiyo wana uoni hafifu na hawawezi kusoma ubaoni hata wakikaa safu ya mbele, wala hawawezi kusoma kwa muda mrefu herufi za ukubwa wa kawaida ambazo kwazo vitabu teule huchapishwa. Katika darasa la Nkoma lenye nakala chache zinazopokezanwa, msomaji ambaye Takadini inamhusu kuliko wote ndiye anayeisikia kupitia mdomo wa mwenzake, kwa kasi ya mwenzake, na kwa sauti ambayo mwenzake anachagua kuitumia anapolifikia neno lile. Wachapishaji na Taasisi ya Elimu Tanzania wanapojadili kitabu kibaki au kiondoke, ukubwa wa herufi hauna budi kuwa sehemu ya mjadala huohuo, pamoja na miwani, lenzi za kukuzia na nakala moja ambayo mwanafunzi huyo anaweza kwenda nayo nyumbani na kuisoma peke yake.